Kujenga Shule ya Viziwi Ugenini (Sehemu ya Pili): Mwalimu Kiziwi Aliyeshuka Accra

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata Laurent Clerc, kiziwi wa Kifaransa aliyevuka Atlantiki mwaka 1816 pamoja na Thomas Hopkins Gallaudet. Mwaka uliofuata walifungua shule ya viziwi mjini Hartford, Marekani. Mkataba wa Clerc ulikuwa wa miaka mitatu, lakini aliendelea kufundisha huko hadi mwaka 1858, na wanafunzi wake wakawa walimu wa shule nyingine zilizofunguliwa baadaye. Leo tunamtazama mtu aliyefanya kazi ya aina hiyohiyo katika bara letu.

Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 huko Ensley, jimbo la Alabama, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Alipofika umri wa miaka 11 aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona akiwa hasikii. Shule ya watoto weusi viziwi jimboni kwao iliishia darasa la sita. Aliyetaka zaidi ya hapo alijitafutia mwenyewe. Foster alihamia Detroit, akafanya kazi huku akijisomea kwa njia ya posta. Chuo cha Gallaudet cha Washington, kilichoanzishwa kwa ajili ya viziwi, kilimkataa zaidi ya mara moja kwa sababu ya rangi yake, hadi kilipompokea mwaka 1951. Mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza chuoni hapo. Miaka miwili baadaye alianzisha shirika la kimisheni la kuwahudumia viziwi wa Afrika, na mwaka 1957, mwaka uleule Ghana ilipopata uhuru, akafika Accra.

Wapo waliokwisha kumwambia kwamba Afrika haina watoto viziwi wa kutosha kujaza shule. Kauli hiyo haikutokana na ubaya wa moyo. Mgeni aliyepita mitaani hakuwaona, kwa kuwa wengi walikuwa ndani, au shambani, au wamekaa pembeni mwa ndugu zao bila mtu wa kuzungumza nao. Foster alikwenda kuwatafuta. Darasa lake la kwanza lilikuwa la kuazima, katika shule ya watoto wanaosikia huko Osu, akalitumia wenyewe wakishatoka. Walikuja watoto, wakaja na watu wazima ambao hawajawahi kukaa kwenye dawati. Shule ya bweni ya Mampong-Akwapim ilikuja mwaka 1959, baada ya masomo kuwa yameshaanza.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wengi wanaojitolea leo kwenda kusaidia ugenini huanza na tofali. Hukusanya fedha kwao, hukata tiketi, hufika, huchanganya saruji kwa wiki mbili tatu, kisha hupigwa picha mbele ya ukuta na kurudi. Nia yao naiheshimu. Lakini hakuna wilaya Afrika iliyokosa mafundi waashi, na nauli ya kikundi kimoja ingelipa mishahara ya mafundi hao kwa muda mrefu. Kilichokosekana Accra mwaka 1957 kilikuwa mtu mzima anayeweza kumwambia mtoto kiziwi jambo, mtoto akalielewa na kulijibu.

Watoto wengi viziwi, zaidi ya tisa katika kila kumi, huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mama anampenda mwanawe na anamwonyesha chakula, maji, njoo, nenda. Hawezi kumsimulia hadithi, wala kumweleza kwa nini bibi hayupo tena. Ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa wepesi katika miaka ya mwanzo, na miaka ikipita bila lugha yoyote, hata hesabu na kusoma huwa mlima. Kwa mtoto wa namna hii, shule ndiyo mahali anapoikuta lugha yake ya kwanza. Ndiyo maana bweni lina uzito kuliko darasa: pale, baada ya chakula cha jioni, wakubwa huwafundisha wadogo kwa mikono yao, bila ratiba wala ubao.

Tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, shule nyingi za viziwi duniani zilikuwa zimeondoa lugha ya alama na kuwalazimisha watoto kusoma midomo na kutamka. Foster alikuja na lugha ya alama waziwazi, tena akiwa kiziwi mwenyewe. Mzazi aliyempeleka mwanawe Osu alimwona mtu mweusi, hasikii, ana digrii, anasafiri nchi hadi nchi. Sidhani kuna hotuba yoyote ya ushawishi ambayo ingefanya kazi hiyo.

Kutoka Ghana alikwenda Nigeria, na mjini Ibadan akaendesha mafunzo ya walimu. Viziwi na wanaosikia walitoka nchi mbalimbali, wakasoma, wakarudi kwao kuanzisha madarasa. Sehemu ya mwaka alikuwa Marekani akizunguka makanisani kuchangisha fedha. Mke wake, Berta, Mjerumani ambaye naye alikuwa kiziwi, aliibeba kazi hiyo pamoja naye tangu walipooana mwaka 1961. Hadi Foster anafariki katika ajali ya ndege ndogo nchini Rwanda, Desemba 1987, alikuwa ameshiriki kuanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, na yeye hakuwepo kila siku katika yoyote kati ya hizo. Waliokuwepo kila siku ni wale aliowafundisha.

Hata hivyo jengo nalo lina mambo yake, na anayejitolea kujenga anapaswa kuyajua kabla ramani haijachorwa. Darasa la viziwi halipangwi kwa mistari, kwa kuwa aliye nyuma hawezi kuona mikono ya aliye mbele anapojibu. Madawati huwekwa nusu duara. Dirisha lisikae nyuma ya mwalimu, maana mwanga ukimpiga mgongoni, uso na mikono yake hubaki kivuli. Ukuta wa nyuma yake upakwe rangi moja tulivu isiyo na maua wala mistari. Korido iwe pana kiasi cha watu wawili kutembea ubavu kwa ubavu huku wakizungumza, na milango iwe na kioo, kwa sababu kubisha hodi hakumfikii aliye ndani. Halafu kuna umeme. Taa ikizimika bwenini, mazungumzo yote yamekatika, na mtoto aliyeshikwa na homa usiku hawezi kumweleza mwenzake. Nikiulizwa fedha za mwisho za mradi ziende wapi, kwenye uzio au kwenye taa za sola za bweni, nitasema taa.

Foster alibeba pia tatizo, na haifai kulifunika kwa heshima tuliyo nayo kwake. Alama alizofundisha zilikuwa za Kimarekani. Katika nchi zinazotumia Kifaransa ziliunganishwa na maneno ya Kifaransa, na hadi leo viziwi kutoka Senegal hadi Kongo hutumia alama zenye asili hiyo. Faida yake ni kubwa, kwani kiziwi wa Togo na wa Chad wanaweza kuelewana. Lakini ziko sehemu ambako viziwi walikuwa na lugha yao kabla ya shule yoyote. Kijiji cha Adamorobe, hukohuko kusini mwa Ghana, kina uziwi wa kurithi uliodumu kwa vizazi vingi, na wenyeji, pamoja na wengi wanaosikia, wana lugha ya alama iliyozaliwa pale kijijini. Watoto viziwi wa Adamorobe walipoanza kupelekwa bweni Mampong, walijifunza alama za shuleni, na lugha ya bibi na babu zao ikaanza kukosa warithi. Shule iliyowapa elimu iliwatenga pia na wazee ambao wangeweza kuzungumza nao tangu utotoni. Mtaalamu mgeni angeweza kulizuia hilo kwa kuwaajiri wazee viziwi wa kijiji kama wasaidizi wa darasa la awali, jambo lisilohitaji saruji wala ndege.

Katika sehemu ya tatu tutakwenda Managua, Nicaragua, ambako mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi walikusanywa shuleni wafundishwe kusoma midomo, wakajitungia lugha yao kamili uwanjani na ndani ya basi la shule, walimu wakiwa hawaielewi.