Upanuzi wa Mitambo ya Ruvu: Wingi wa Maji Uende Sambamba na Usalama Wake

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa na wakazi wa Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, unaoanzia Milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Maji hayo husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, mkoani Pwani. Kupitia upanuzi uliotekelezwa na Serikali, uwezo wa Ruvu Juu uliongezwa kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku, na wa Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270.

Ongezeko hilo halihusu pampu na mabomba pekee. Maji ya mto huchanganywa kwanza na dawa, mfano wa shabu, inayounganisha chembe ndogo za udongo ziwe mabonge mazito. Mabonge hayo hutuama katika matangi, kisha maji huchujwa kwenye mchanga na kutiwa klorini. Maji mengi yakipitishwa katika matangi madogo, tope hukosa muda wa kutuama. Kwa sababu hiyo, matangi na machujio hayana budi kupanuliwa pamoja na pampu.

Masika ndiyo kipimo kikubwa cha mtambo. Mvua hukokota udongo hadi mtoni, na maji yenye tope huficha vimelea, vikiwemo vya kipindupindu, visifikiwe na klorini. Hapo wataalamu hulazimika kupima maji mara kwa mara na kurekebisha kiwango cha dawa.

Hata hivyo, maji yaliyotoka salama mtamboni yaweza kuchafuliwa njiani. Msukumo unaposhuka, bomba lililopasuka huvuta maji machafu yaliyolizunguka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita ibaki hadi maji yanapomfikia mtumiaji.

Wananchi nao wana wajibu: kutoa taarifa za mabomba yanayovuja, kuepuka maunganisho yasiyo rasmi, kusafisha matangi ya nyumbani na kuyafunika. Pale maji yanapotoka yakiwa na tope au baada ya mgao, ni vyema kuyachemsha kabla ya kuyanywa. Usalama wa maji huanzia mtamboni, lakini hukamilika nyumbani.