Je, Wajua? Kisunzi cha Dola 2,000
Kisunzi kimshikacho mtu anapojigeuza kitandani alfajiri, hata akadhani dari yamwangukia, aghalabu husababishwa na chembe za chokaa zilizobanduka mahali pake na kuingia katika mifereji ya sikio la ndani. Kwa mujibu wa mwongozo wa matabibu wa masikio wa Marekani wa mwaka 2017, huko hutumika takriban dola 2,000 kwa mgonjwa mmoja kabla maradhi hayo hayajatambulika. Ilhali kipimo chenyewe, walichokieleza Margaret Dix na Charles Hallpike wa London mwaka 1952, hakidai ila kitanda na macho ya tabibu: mgonjwa hugeuzwa kichwa nyuzi 45, akalazwa chali kwa haraka, kichwa kikining'inia ukingoni, na macho yakichezacheza, neno limethibiti. Dawa nayo (ajabu iliyoje!) si kidonge, bali ni kugeuzwa kichwa hatua kwa hatua, kwa namna aliyoibuni tabibu John Epley wa Portland, Marekani, hata chembe zirudi zilikotoka, kwa muda wa dakika chache tu. Basi, ewe msomaji, maadamu ulimi haujawa mzito wala kiungo hakijalegea, mwombe tabibu akulaze kwanza kabla hujalipia picha ya kichwa.