Muhogo unageuka mweusi kwa siku mbili: jeni zinatuambia nini?

Wandugu walimaji, banamama na bababa wa koperative, ile hasara munaijua: muhogo unangolewa leo, kamioni inakawia njiani, na kisha siku mbili ao tatu ndani yake kunaonekana mistari ya bluu na nyeusi. Mununuzi anashusha bei, ao anaukataa kabisa.

Kule kuharibika hakuanzi na mikrobi. Kunaanza na kidonda. Mzizi ukikatwa, chembe zake zinatoa oksijeni kali inayozichoma zenyewe.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, na wa CIAT, Colombia, walichapisha kazi yao juu ya jambo hili. Walitumia mikroarei: ni kioo kidogo chenye vitone vingi, kila kitone na jeni yake. Kitone kikiwaka sana, jeni ile inafanya kazi sana. Walipata vipande 72 vya jeni vilivyobadilika: 63 vilipanda, 9 vilishuka.

Lakini kuwaka si ushahidi wa kutosha. Moshi si moto: jeni ingine inawaka kwa sababu mzizi umekwisha kuumia, si yenyewe iliyoleta ubaya. Tena, ukipima jeni 10.000 na ukikubali kosa 5 kwa kila 100, jeni 500 zinaweza kuonekana zimebadilika kwa bahati tu.

Kwa hiyo wanahakikisha mara tatu. Wanarudilia kwa mimea mingi. Wanapima jeni ileile kwa njia ingine, kama vile sisi tunavyopima gunia kwa mizani ya pili. Mwisho wanabadilisha jeni ndani ya mmea na kungojea. Mwaka 2012 watafiti katika Marekani waliongeza jeni moja inayopunguza ile oksijeni kali. Mizizi ikakawia kuharibika.

Kwetu, tufanye nini sasa? Majuma mawili ao matatu mbele ya kungoa, kateni mashina, muache kipande kifupi tu. Muhogo utakawia kugeuka. Ngoeni pole pole bila kuuvunja, na mungoe wakati mununuzi amekwisha kupatikana.

Na mtu akiwaletea mbegu « ya laboratware », mumuulize: imejaribiwa katika mashamba mangapi, na misimu mingapi? Shamba moja halitoshi.