Goma: Capoeira, mchezo unaowasaidia watoto walioumizwa kuinua tena kichwa

Watoto wanasimama katika duara. Mmoja anapiga berimbau, uta wenye waya mmoja na kibuyu. Wengine wanapiga makofi na kuitikia wimbo. Wawili wanaingia katikati. Mmoja anarusha mguu, mwenzake anainama. Hakuna anayepigwa. Hiyo ndiyo capoeira, mchezo uliozaliwa Brazili kati ya watumwa waliotolewa Afrika, wengi wao wakitoka Angola na Kongo.

Mwaka 2014 mchezo huu ulifika Goma, jimboni Kivu ya Kaskazini, kupitia mradi wa «Capoeira kwa ajili ya Amani», ulioungwa mkono na ubalozi wa Brazili, UNICEF na shirika AMADE. Ulianza na watoto waliotoka katika makundi yenye silaha, waliokuwa katika kituo cha mpito wakingoja kurudi kwa familia zao. Wasichana na wanawake waliobakwa, waliokuwa wakihudumiwa na hospitali Heal Africa, waliingia pia katika duara.

Kwa nini mchezo? Mtoto aliyetendewa mabaya mara nyingi hana maneno ya kueleza yaliyompata. Mwili wake ndio unaosema: halali usiku, anashtuka akiguswa, anakaa pembeni. Katika duara hakuna anayemlazimisha kusimulia. Anajifunza kwanza kuyumba kulia na kushoto huku akimtazama mwenzake. Polepole anaona kwamba mtu anaweza kumkaribia bila kumuumiza. Na mvulana aliyefundishwa kupiga, hapa anajifunza kuzuia mguu kabla haujagusa.

Jambo la pili ni mlezi: mtu mzima anayerudi siku ileile, saa ileile, anayejua jina la kila mtoto na kuuliza habari za aliyekosa. Wanaotangulia kujua wanawafundisha wadogo. Kijana ambaye mtaani anaitwa mtoto wa msituni, hapa anasikia wenzake wakimwita mwalimu.

Lakini mchezo hauchukui nafasi ya daktari wala ya mahakama. Mtoto aliyebakwa anapaswa kufikishwa hospitalini kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia ukimwi. Sheria ya mwaka 2006 inaadhibu ubakaji. Familia zinapomaliza kesi nyumbani kwa mbuzi au pesa, mtoto anaachwa karibu na yule aliyemuumiza.

Hitaji ni kubwa. Mwezi wa Aprili 2025, UNICEF ilisema kwamba katika visa karibu 10 000 vya ubakaji na ukatili wa kingono vilivyoripotiwa mashariki mwa Kongo mwezi wa Januari na Februari, watoto walikuwa kati ya asilimia 35 na 45. Miradi ina mwisho wake. Kidonda cha mtoto hakifuati kalenda ya mradi. Ndiyo maana vijana waliojifunza kuongoza duara ni akiba kwa wadogo wanaokuja nyuma yao.