Mawimbi ya sauti yanayotibu bila kisu

Hapa Chala utrasaundi tunaijua kwa kumtazama mtoto tumboni. Mawimbi yake ya sauti ni hafifu, hayaunguzi. Lakini mawimbi yenye nguvu yakikusanywa mahali pamoja, kama lenzi inavyokusanya jua hadi majani makavu yakawaka, huunguza uvimbe bila kupasua ngozi. Marekani iliruhusu tiba hiyo kwa uvimbe wa mfuko wa uzazi mwaka 2004, na kwa ugonjwa wa mikono kutetemeka mwaka 2016.

Shida ni shabaha. Fuvu la kichwa hupotosha mawimbi, na kukosea milimita chache ni kuunguza palipo pazima. Kwa hiyo kofia ya mashine ina vitoa sauti 1,024, kila kimoja kikipangiwa wakati wake, mawimbi yote yafike pamoja.

Basi, akina mama, msikiogope kipimo cha kliniki. Chenyewe hutazama tu.