Malawi: Vumbi la Dhahabu Vifuani mwa Wazee

Wenzetu wengi wa Malawi walikwenda Afrika Kusini kuchimba dhahabu, wakarudi vijijini na blanketi, baiskeli na vumbi kifuani. Vumbi hilo la mawe huleta silikosisi, ugonjwa usiopona. Tena hauna haraka: mtu huacha kazi akiwa mzima, akaanza kuhema miaka kumi au ishirini baadaye, jembe limekwisha kumshinda. Kifua kikuu nacho humpata upesi.

Mwaka 2018 makampuni sita ya migodi, baada ya kushtakiwa, yalikubali kulipa fidia. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ikaridhia: randi bilioni 5, kwa waliochimba tangu Machi 1965. Ushindi mkubwa huo! Lakini mzee sharti aonyeshe alifanya kazi wapi, apigwe picha ya kifua, apimwe pumzi. Karatasi zimeliwa na mchwa, na mashine ya picha haiko katika zahanati ya kijiji. Anayepumzika mara tatu njiani kwenda kisimani afikeje mjini? Na mjane ambaye mumewe alizikwa bila kupimwa, aonyeshe nini?

Ndugu unayefanya kazi penye vumbi, cheti chako cha kazi na karatasi za hospitali ziweke sanduku moja, na mkeo ajue lilipo.