Kisanduku cha Kutafutia Jina la Mgonjwa katika Programu ya Hospitali

Katika hospitali nyingi zilizoacha majalada ya karatasi, kazi ya kwanza ya karani wa mapokezi kila asubuhi ni kuandika jina katika kisanduku chembamba kilicho juu ya dirisha la programu. Kwa mtengenezaji wa programu, kuongeza kisanduku hicho ni kazi ya muda mfupi. Zana za kujengea programu za kompyuta ya mezani, kama vile Qt na GTK, huja na kisanduku kilichokwisha kutengenezwa, na hata kitufe cha kufutia maandishi kimo. Linalobaki ni kuamua kisanduku kitafute nini, kilinganishe majina kwa kanuni ipi, na kionyeshe nini kinapopata au kinapokosa. Maamuzi hayo huachiwa mtaalamu wa kompyuta peke yake mara nyingi mno, ilhali matokeo yake humfikia mgonjwa.

Chukulia mama aliyeandikishwa miaka mitatu iliyopita kwa jina la Hadija. Leo karani mwingine anaandika Khadija. Programu inalinganisha herufi kwa herufi, haioni kitu, na karani, akiwa na foleni mbele yake, anamfungulia mama huyo jalada jipya. Jalada hilo halina habari kwamba penisilini iliwahi kumletea mzio mkali. Kuanzia siku hiyo majibu ya maabara yataingia mara huku, mara kule, na hakuna daktari atakayeona historia yote kwa pamoja. Karani hakufanya uzembe wowote. Aliandika jina kama alivyolisikia.

Majina ya Afrika Mashariki yana maandishi mengi kwa jina moja. Mohamed huandikwa pia Muhammad, Mohammed na Mohamedi. Fatuma ni Fatma na Fatima. Asha ni Aisha. Mahali ambapo sauti za l na r hubadilishana, Zuhura huwa Zuhula na Rukia huwa Lukia. Zipo mbinu za kukabiliana na hali hii, na kongwe inayojulikana zaidi ni Soundex, ambayo Robert C. Russell aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1918. Mbinu hiyo hubakiza herufi ya kwanza ya jina, huziacha irabu, na huzipa konsonanti namba kwa makundi ya sauti. Kwa kanuni hiyo Mohamed na Muhammad hupata alama moja, M530, na Fatuma, Fatma na Fatima wote huwa F350. Hapo inasaidia sana. Lakini ilibuniwa kwa masikio ya Kiingereza: l na r zimo katika makundi mawili tofauti, hivyo Zuhura na Zuhula hazikutani, na kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, Hadija na Khadija hubaki mbalimbali. Hospitali inayonunua programu yenye mbinu hiyo isidhani kwamba tatizo la majina limekwisha.

Mbinu ya pili huhesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili jina moja liwe jingine. Kipimo hicho hubeba jina la Vladimir Levenshtein, aliyekieleza mwaka 1965 katika Umoja wa Kisovyeti. Kutoka Hadija hadi Khadija ni hatua moja tu, na Zuhura hadi Zuhula vilevile. Tatizo ni kwamba kutoka Halima hadi Salima pia ni hatua moja, na hao ni watu wawili. Kwa sababu hiyo ulinganishaji wa aina hii utumike kuleta orodha ya wanaokaribiana ili binadamu achague. Usiachiwe kamwe kufungua jalada wenyewe.

Yapo na mambo madogo ambayo huharibu utafutaji kimyakimya. Ritifaa katika jina kama Nyang'oro huweza kuwa imenyooka au imepinda, kwa kuwa programu za uandishi hupenda kuipindisha zenyewe, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina haionekani kwa macho lakini huhesabiwa. Halafu kuna mpangilio wa majina matatu, la mtu, la baba na la babu: mmoja huanza na la ukoo, mwingine na lake. Kisanduku kizuri husawazisha haya yote kabla ya kulinganisha.

Kasi nayo ina hatari zake. Visanduku vingi huanza kutafuta wakati mtu angali anaandika. Kile cha GTK husubiri milisekunde 150 baada ya herufi ya mwisho kabla ya kutoa taarifa kwamba maandishi yamebadilika, ili programu isitafute upya kwa kila herufi. Bila subira hiyo, na kama utafutaji haufanyiki pembeni ya kazi nyingine, dirisha zima huganda. Baya zaidi ni jibu la zamani kufika baada ya jipya: karani ameandika jina kamili, lakini orodha ya herufi tatu za kwanza, iliyochelewa njiani, inakuja na kufunika ile sahihi. Au orodha inajipanga upya katika nukta ileile kidole kinapobonyeza kipanya, na jalada linalofunguka ni la mtu aliyekuwa mstari wa chini. Programu lazima itupe jibu lililopitwa na wakati, na kitufe cha Enter kisifungue mstari wa kwanza ikiwa mistari ni zaidi ya mmoja.

Katika chumba cha dawa gharama ya kosa hilo imeonekana wazi. Mwishoni mwa mwaka 2017, katika hospitali moja mjini Nashville, Marekani, muuguzi alikuwa akitafuta Versed, jina la kibiashara la midazolam, dawa ya kutuliza wasiwasi. Aliandika herufi mbili tu, VE, katika kabati la dawa linaloongozwa na kompyuta. Kabati lilikuwa likitafuta kwa majina ya asili ya dawa, nalo likaleta vecuronium, dawa inayolegeza misuli hata ile ya kupumulia. Mgonjwa, mwanamke wa miaka 75, alifariki. Maonyo kadhaa, yakiwamo yale ya kwenye kichupa chenyewe, yalipitwa, na muuguzi alitiwa hatiani mahakamani mwaka 2022. Institute for Safe Medication Practices, taasisi ya Marekani ya usalama wa dawa, inashauri makabati ya aina hiyo yadai angalau herufi tano za jina kabla ya kuonyesha chochote. Ushauri huo unafaa hata kwa duka dogo la dawa la hospitali ya wilaya, pamoja na nyongeza moja: anayeandika Panadol apelekwe kwenye parasetamoli, na anayeandika Flagyl apelekwe kwenye metronidazole, kwa sababu ndivyo watu wanavyozitaja.

Orodha ya wagonjwa ikishatokea, jina peke yake halitoshi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2007 kwamba mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili au zaidi, na kila mstari wa orodha unapaswa kuvibeba: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, jinsi, na namba ya jalada. Tarehe isitegemewe kupita kiasi, maana kwa asiyejua siku aliyozaliwa mara nyingi huandikwa Januari 1.

Kisanduku kinapokosa, kiseme kimekosa kwa sababu gani. "Hakuna mgonjwa wa jina hili" na "mawasiliano na hifadhidata yamekatika" ni habari mbili tofauti kabisa, lakini programu kadhaa huonyesha ukurasa mtupu kwa zote mbili. Aidha, kitufe cha kusajili mgonjwa mpya kibaki kimefungwa mpaka karani awe ametafuta kwa jina na kwa namba ya simu au ya kadi.

Usiri nao ulindwe. Kisanduku kinachokumbuka majina yaliyotafutwa awali humwonyesha aliye dirishani nani alipita kabla yake, na katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hilo ni jambo zito. Kumbukumbu hiyo izimwe, na skrini igeuzwe isitazame foleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kwa mgonjwa, lenye manufaa makubwa ni kufika na kadi ya zamani, kutaja majina yote matatu kwa mpangilio uleule, na kueleza kama aliwahi kuandikishwa kwa jina la ndoa au la utotoni. Kwa mhudumu, ni kumwuliza mgonjwa "Jina lako ni nani?" badala ya "Wewe ndiye Halima?", kwa kuwa mtu mwenye homa huitikia jina lolote.